Deborah Hajawahi Kuvaa Kibao

“Basi unirudishie mutoto vile nilimuleta,” Régine alisema, “juu siku ile nilimuleta hapa alikuwa anasema. Kidogo, lakini alikuwa anasema!”

“Mama Deborah, tusikilizane,” Ticha Adrien alijibu, chaki bado mkononi. “Tuko katikati ya somo.”

“Somo iko wapi? Bantu banaandika tu. Tangu nilisimama pa mulango sijasikia muntu hata moja anafungua kinywa, isipokuwa weye.”

Darasani kalamu zote zilikuwa zimesimama. Ilikuwa Jumamosi mchana, katika chumba kilicho nyuma ya parokia, bati likiwaka kwa jua la mwezi wa kumi. Vijana thelathini na kitu waliobanana kwenye mabenchi waligeuza shingo kumtazama mama huyu aliyeingia bila kubisha, kitambaa chake cha kichwa kimekwenda upande. Wengine walianza kucheka chini chini. Deborah, aliyekaa benchi la pili, hakucheka. Aliinama mpaka paji lake la uso likakaribia kugusa meza.

“Na munacheka nini?” Régine aliwageukia. “Mucheke kwa Kiingereza, tusikie.”

Kicheko kikakatika.

Régine hakuwa mtu wa kuzunguka maneno. Alisoma biashara mpaka akapata diploma, akaolewa, akafungua duka la rangi na misumari kule mtaa wa Annexe, na tangu hapo dunia kwake ilikuwa na vitu vya aina mbili: vinavyofanya kazi na visivyofanya. Rangi ikibanduka ukutani kwa mvua ya kwanza, hampigii mteja hadithi ya kiwanda. Anaacha kuiuza.

Na jana aliona kwa macho yake rangi ya Ticha Adrien ikibanduka.

Alikuwa anasonga bukari simu ya Deborah ilipolia. Aliyepiga alikuwa Madame Chola, Mzambia anayeongoza ofisi ya kampuni moja ya malori mjini. Kampuni ilikuwa inatafuta mtu wa kupokea simu za madereva walioko ng’ambo ya mpaka, na kati ya wote walioomba kazi walikuwa wamebaki wawili tu, Deborah na kijana mmoja anayeitwa Guelor. Madame Chola hakutaka mambo makubwa. Alitaka kumsikia akisema Kiingereza. Deborah alisimama katikati ya jikoni, simu sikioni, akafungua kinywa, akakifunga. Akakifungua tena. Jasho lilimtoka puani. Halafu, mbele ya mama yake, alikata simu.

Baadaye kidogo ulikuja ujumbe kwa Kifaransa. Madame Chola alidhani ni mtandao uliokuwa mbaya. Angepiga tena kesho saa kumi, mara moja tu, kwa sababu Jumatatu lazima awe na mtu.

Kilichomkera Régine kuliko yote ni fahari yake mwenyewe. Katika darasa la Ticha Adrien kulikuwa na sheria ya kibao. Ni kipande cha mbao kilichotobolewa na kutiwa kamba. Mwanafunzi akiteleza akasema Kiswahili au Kifaransa, au akivunja Kiingereza, anavalishwa shingoni, anakaa nacho mpaka mwingine akosee. Yule atakayebaki nacho mwisho wa somo anafagia chumba huku wenzake wanamwimbia. Kila Jumamosi Régine alimuuliza binti yake, “Leo ulivaa?” Kila Jumamosi Deborah alijibu, “Hapana, Mama.” Régine aliwaambia akina mama wa kwaya. Aliwaambia mashemeji. Aliwaambia hata wateja waliokuja kununua kopo dogo la vanishi: wa kwangu hajavaa kile kibao hata siku moja. Jana, mwiko mkononi na bukari likiungua, ndipo alipoelewa. Asiyefungua kinywa atavunja nini?

“Munaweza kupumzika kidogo,” Ticha Adrien aliwaambia wanafunzi. “Deborah, weye bakia.”

Walitoka wakisukumana, wakaenda uani kwa mama anayeuza karanga. Msichana mmoja alipita karibu na Deborah akamnong’oneza, “Courage, ndugu.” Chumba kikabaki na watu watatu, na ubao uliojaa maandishi kutoka pembe hadi pembe. Ticha alikuwa ameyagawanya kwa mistari iliyonyooka, vichwa vya habari vimepigiwa rangi nyekundu. Maandishi mazuri kweli. Régine aliyaangalia kama anavyoangalia ndoo nzuri yenye tundu.

“Saa kumi yule madame anapiga,” alisema. “Sasa saa tisa imepita. Nakuuliza, Ticha, atamwambia nini? Atamusomea ubao?”

“Mama Deborah, mutoto wako iko wa kwanza katika mitihani yangu.”

“Mitihani ya kuandika!”

“Unajua juu ya nini niliweka kile kibao?”

“Juu ya kuogopesha batoto ba bengine.”

“Juu bazazi balikitaka.” Ticha aliweka chaki, akajipangusa vidole kwenye suruali. Alikuwa mwanaume mwembamba, bado kijana, lakini mwenye mabega ya mtu aliyebeba magunia. “Mwanzo wa mwaka nilibapanga babili babili. Huyu anauza samaki, huyu ananunua. Huyu iko mugonjwa, huyu iko munganga. Makelele, kucheka, makosa kila pahali, lakini balikuwa banasema! Ba-mama bakaja. Ticha, mutoto anarudi nyumbani na karatasi nyeupe, ulimufundisha nini? Na weye ulikuja. Ulisimama pale pale, ukageuza karatasi moja moja, ukasema haukumutuma mutoto kuja kupiga domo.”

Régine alikumbuka. Alikumbuka hata kitenge alichovaa siku ile.

“Bon, nilikosa,” alisema. “Na weye ulinisikiliza juu ya nini? Ticha ni weye ao ni miye?”

Ticha Adrien alicheka bila kutaka, kicheko kifupi cha mtu aliyechoka.

“Ni rahisi kusema hivyo. Darasa imejaa, na niko nabo saa mbili kila juma. Kosa nikiliacha likazoea mudomo, halitoke tena. Ninajua bantu, baliishi Zambia miaka na miaka, bakisema Kiingereza unasikia aibu.”

“Lakini banasema? Banauza? Banakula?”

“Banasema vibaya.”

“Wa kwangu anasema muzuri sana,” Régine alisema. “Anasema muzuri mpaka hakuna sauti.”

Deborah aliinua macho, akayashusha.

“Leka maneno.” Régine alivuta kiti, mguu mmoja ukakwaruza sakafu. “Ticha, kaa hapa. Weye sasa uko Madame Chola. Muulize. Tunajaribu mara moja, mara mbili, akipiga anakuta mutoto iko tayari.”

Ticha alikaa. Alikunja mguu, akashika kalamu sikioni kana kwamba ni simu, na kwa Kiingereza chake cha taratibu, kila neno likitoka limepigwa pasi, akamuuliza Deborah jina lake na mahali anapoishi.

Deborah alitaja jina. Akaanza kusema anapoishi. Neno la tatu lilikuwa bado kwenye ulimi, kidole cha Ticha kikawa kimeinuka.

“Rudia.”

Akarudia.

“Ile ya mwisho, vuta kidogo. Rudia.”

“Na sauti!” Régine alidakia. “Simu haisikie minong’ono. Simama wima.”

“Mama Deborah, kwa simu hatamuona.”

“Atasikia kama amejikunja!”

Deborah alisimama wima. Alirudia. Safari hii kidole hakikuinuka, lakini yeye mwenyewe alisita akikingoja, na sentensi ikakatika bila mtu kuikata. Nje, wanafunzi walikuwa wanacheka na kuitana kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, kwa Kibemba, wote kwa wakati mmoja, hakuna anayesubiri ruhusa.

“Tuendelee,” Ticha alisema. Akauliza swali la pili. Dereva amepiga simu, lori limeharibika karibu na mpaka, limebeba mzigo. Utafanya nini?

Hapo uso wa Deborah ulibadilika. Baba yake, Edouard, aliendesha malori mpaka mgongo ulipomshinda, na tangu utotoni Deborah amesikia mezani habari za malori yaliyokwama kama watoto wengine wanavyosikia sala. Alijua cha kusema. Alivuta pumzi, na maneno ya Kiingereza yakaanza kutoka, manne, matano, yakikanyagana kama watoto wanaotoka shule.

“Ngoja, pale—” alisema Ticha.

“Usikimbie!” alisema Régine.

Walisema pamoja, na sentensi ya Deborah ikakatika.

“Endelea,” Ticha alisema.

“Endelea basi,” alisema mama yake. “Ulikuwa unaenda muzuri.”

“Mama umejua namna gani kama nilikuwa naenda muzuri?” Deborah aliuliza. Sasa alikuwa anasema Kiswahili, na sauti aliyokuwa anadaiwa ilikuwepo yote. “Kiingereza haukijue!”

“Deborah.”

“Ticha, ukitaka kunivalisha kibao, nivalishe, mais leo nasema. Jana Madame Chola aliniuliza tu kama niko muzima. Ile jibu hata mutoto wa maternelle anaijua. Lakini mbele ya kusema, nikamusikia Ticha mu kichwa: rudia. Nyuma ya Ticha nikakusikia weye, Mama: sauti, simama muzuri, usinitie haya. Na ulikuwa pale na mwiko, unaniangalia mudomo. Bantu babili munakaa mu kichwa yangu, na hata moja haanileke nimalize!”

“Ticha anakukosoa, ni kazi yake. Lakini miye? Kitu chenye sikijue nitakikosoa namna gani?”

“Unakosoaka hata chenye haukijue, Mama!”

Ticha Adrien alifunika mdomo kwa mkono. Régine alimtazama mara moja, na Ticha akautoa.

Jibu lilikuwepo, tayari, la moto. Nani alikupeleka shule. Nani anaamka mbele ya jogoo. Lakini binti alikuwa bado amesimama wima kama alivyoagizwa, na Régine, ambaye hakupenda kubishana na jambo lililo wazi, alijikuta anawaza dukani. Kwa miezi mingi alimfundisha Deborah kuuza, akiwa amesimama nyuma ya bega lake. Si kopo hilo. Mteja umuangalie usoni. Chenji uhesabu mara mbili. Na Deborah akawa anageuka kila mara kumtazama mama kabla ya kumjibu mteja. Halafu kulitokea kilio Kasomeno, Régine akaenda, barabara ikamzuia huko karibu juma zima. Aliporudi, alikuta Deborah amemuuzia fundi mmoja rangi ya mafuta badala ya rangi ya maji, amegombezwa, amebadilisha, na yule fundi amekuwa mteja wake. Hakuwa anageuka tena. Régine alisema wakati ule kwamba mtoto amekomaa. Hakujiuliza nani alikuwa hayupo.

Simu ikalia.

Ilikuwa juu ya benchi, ikitetemeka na kujisogeza kuelekea ukingoni. Saa kumi ilikuwa haijafika. Deborah aliitazama kana kwamba ni mnyama.

“Ni yeye,” alisema.

Ticha Adrien alikuwa amesharuka. Alifuta nusu ya ubao kwa kiganja, akashika chaki. “Weka sauti inje, mutoto wangu. Akiuliza, miye ninakuandikia jibu hapa, weye unasoma tu. Hautakosea hata moja.”

Na Régine alikuwa tayari ameinama juu ya simu, mkono mmoja mgongoni mwa binti yake ili kumnyoosha. Alihisi mgongo ule unavyokakamaa chini ya kiganja chake, kama jana, jikoni. Akautoa mkono.

“Ticha, toka.”

“Nini?”

“Toka inje. Na miye natoka.”

“Mama Deborah, hii ni saa yenye ananihitaji—”

“Hapana. Kati ya weye na miye, Deborah hahitaji hata moja.” Alimnyang’anya chaki, akaitupa dirishani, akamshika kiwiko. Simu ililia tena. “Deborah, sema vile unaweza. Ukivunja, vunja. Hatuko.”

Alimsukuma Ticha mbele yake, akatoka, akauvuta mlango. Ulikuwa na desturi ya kujifungua wenyewe. Akauegemea kwa mgongo. Ndani, simu ilinyamaza. Régine alifumba macho. Kisha sauti ya Deborah ikaja, ya chini, ikakwama, ikatafuta njia, ikasema neno jingine.

Ticha Adrien alikuwa amebandika sikio kwenye ubao wa mlango. Uso wake ulijikunja.

“Aïe. Pale alipaswa kusema—”

Régine alimkamata mkono wa shati. Alimvuta mpaka ngazi, akamshusha, akamkatisha uani katikati ya wanafunzi walioshika karanga na kushangaa, akampitisha mbele ya pango la Bikira Maria, hakusimama mpaka walipotoka kwenye lango, barabarani, ambapo pikipiki za teksi zilikuwa zinanguruma na mtu mmoja anapiga kelele kuuza mikate.

“Hapa,” alisema. “Hapa hatusikie kitu.”