Chati ya Mzee Wesonga

Mzee Wesonga alifariki Jumanne saa nne asubuhi, kitanda cha sita. Saa sita Zakariye, mwanafunzi wa uuguzi, alifika na kalamu yake, akatazama mstari wa juu kwenye chati, akaunakili: presha 120/80, mapigo 72, kupumua 18. Basi mzee akaketi, akaomba chai.

Alhamisi Mwalimu Nabiswa alipopita wadini, mzee alimlalamikia. "Mwalimu, mimi nimekufa tangu juzi. Watoto wako hawaniachi."

Nabiswa akamshika mkono. Baridi tupu, kama sakafu. Lo! Miaka kumi na minne katika kile chuo kidogo cha mtaa wa Lucky Summer amepiga kelele mpaka koo likakauka: mguse mgonjwa kabla hujaandika.

Triza, binti wa mzee, alikuwa mlangoni. Babake mwenyewe alikuwa amempigia simu kumwarifu. Gari la kwenda Bungoma lilikuwa nje, kaburi limechimbwa, mazishi Jumamosi.

"Mochari wamemkataa," akasema. "Eti chati inasema yuko hai."

Nabiswa akawaita wanafunzi wake, akawapanga kando ya kitanda. "Haya, mtazameni. Mnaona nini?"

Wakatazama chati.

"Mgonjwa, jamani! Si karatasi!"

"Ako sawa, Madam," akasema Nthambi.

"Hapumui!"

"Lakini imeandikwa anapumua mara kumi na nane."

"Imeandikwa na nani?"

"Watu wa zamu ya asubuhi."

"Na wao walitoa wapi?"

Zakariye akauliza kama hilo litakuja kwenye mtihani.

Nabiswa alitamani kulia. Akampokonya kalamu, akaandika mwenyewe: mapigo sufuri, kupumua sufuri. Mzee akamshukuru, akajilaza, akafumba macho. Triza akafuta machozi, akaenda garini kuchukua shuka.

Saa kumi ikawa zamu ya Nthambi. Akaziona zile sufuri, akasita. Hakuwahi kukutana na sufuri kwenye chati yoyote. Kwa mara ya kwanza maishani mwake akatilia shaka kitu kilichoandikwa, akaamua Madam amekosea, akauruka mstari ule na kunakili wa juu yake.

Mzee akaketi. Akamwona Triza anaingia na shuka jeupe mkononi.

"Triza mama," akasema, "waambie wazime gari."