Macho Manane

Kundi letu lina sheria moja tu, na niliitunga mimi mwenyewe, kwa hiyo sina wa kumlaumu: ndege haingii kwenye daftari mpaka macho manane yamemwona. Tuko wanne. Watatu wakimwona na mmoja akamkosa, hakuna kuandika, hata awe ndege wa ajabu namna gani. Tuliiweka kwa sababu ya Honi, dereva wa lori, aliyekuwa akiona tai kila mahali. Jina hilo tulimpa sisi, maana hata akinong'ona ndege wanahama mtaa.

Jumapili hiyo tulikutana mchana kwenye karakana yangu ya kutengeneza friji, tuchague pa kwenda. Miaka kumi na moja tumeangalia ndege kwenye mabwawa ya majitaka ya mji, leso puani, na sasa kwa mara ya kwanza tulitaka kuvuka mpaka. Friza mbovu ndiyo ilikuwa meza yetu. Nesi, ambaye ndiye mtunza daftari, alitandaza karatasi mbili juu yake. Ya kwanza ilikuwa ya msitu wa milimani: siku moja na nusu kwa basi, kulala bwenini, kujipikia wenyewe. Ya pili ni ziwa la magadi: treni, mahema ya kukodi, na heroe, wale ndege wa waridi wenye miguu mirefu, wengi mpaka maji hayaonekani. Zote mbili tuliziweza, ila ziwa lilizidi bei kidogo.

"Msitu," shemeji alisema kabla Nesi hajamaliza. "Ni nafuu. Kuna la kubishania hapo?"

Shemeji alimwoa dada yangu, na dada alipofariki tukabaki sisi wawili, wiki hii tunagombana, wiki ijayo tunatafutana. Ni fundi saa. Alikuwa. Mwaka jana alifunga kibanda chake akasema simu zimeua saa, na sote tukamwamini, maana siku hizi nani anavaa saa? Hata mimi niliamini, mjinga mimi, mpaka mwezi uliopita aliponiomba nimsindikize kliniki ya macho. Daktari hakuzungukazunguka. Jicho la kulia limekwisha, alisema, la kushoto lina mwaka mmoja, pengine na miezi kidogo juu yake. Tulipotoka nje shemeji alinishika mkono. "Wenzetu wasijue," akasema. "Niahidi." Nikamwahidi.

Tangu siku hiyo nikawa namchunguza, na roho inaniuma kusema nilichokiona. Jumamosi iliyopita Nesi alitunong'oneza kwamba kuna mdiria juu ya bomba. Tukainua darubini. Mdiria akaruka, akaenda zake, bomba likabaki tupu. Hapo ndipo shemeji akasema, "Nimemwona. Mzuri kweli." Nesi akaandika, na mimi nikanyamaza.

Sasa mtu wa hivyo anataka msitu wa nini? Jibu nilikuwa nalo. Msituni hakuna anayeona vizuri. Majani yamefunga, ndege ni sauti tu na mkia unaopita. Huko angesema "nimemwona" wiki nzima na asishukiwe na mtu. Ziwani ni kweupe, hakuna pa kujificha. Na mimi nililitaka ziwa kwa sababu hiyohiyo: heroe maelfu kwa maelfu, waridi tupu, hata jicho bovu lingepata chochote. Huo mwaka ukiisha, awe na kitu cha kubaki nacho. Nilimtakia mema, na sikuona ubaya wowote.

"Ziwa," nikasema. "Kilichozidi nitalipa mimi."

"Tangu lini?" Honi aliuliza. "Wewe ambaye hata sukari ya chai unatupimia?"

Nesi alicheka. Shemeji hakucheka. "Sitaki kulipiwa," alisema. "Mimi si mtoto."

Honi alichagua msitu, ana hamu kupita kiasi na hondohondo, wale ndege wa midomo mikubwa. Nesi alichagua ziwa, anapenda treni. Wawili kwa wawili. Shemeji akageuza uso upande wangu, lakini si hasa nilipokaa, akatabasamu.

"Huyu anataka heroe kwa sababu hata akiwa amesinzia atawaona," akawaambia wengine. "Ndege wa wavivu hao. Msituni ndiko kunataka macho."

Mimi nina hasira za karibu, najijua. Nikawaka. "Macho yapi, shemeji? Yule mdiria wa juzi ulimwona wapi, na alikuwa keshaondoka?" Nikawageukia wenzangu. "Haoni. Jicho moja limekwisha, la pili liko njiani. Anawaficha, na mimi nimemsaidia kuwaficha."

Nilipomaliza nikatamani kuyarudisha maneno mdomoni. Nesi aliweka kalamu chini. Honi, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alikosa sauti. Shemeji aliweka mikono magotini.

"Nesi," akasema, "fungua daftari. Anzia mwaka jana, mwezi wa tatu. Yule kozi wa kwenye mnara, mfute. Korongo wa siku ile ya mvua, mfute. Wale chozi wawili wa kwenye maua, wote wawili."

Akaendelea, mmoja baada ya mwingine, kwa siku na mahali, bila kukwama. Kumi na tisa. Mimi nilidhani alikuwa anadanganya na kusahau, kumbe kila mmoja alikuwa amembeba. Nesi alipiga mistari huku machozi yakimdondoka kwenye karatasi. Alipofika kwa mdiria akasita. "Kaka, huyu tumwache."

"Sheria ni sheria. Muulize aliyeitunga."

"Nisamehe, shemeji," nikasema. "Nilitaka uwaone heroe kabla ya..."

"Kabla ya nini? Malizia."

Nikaishika karatasi ya ziwa, nikaikunja pembe.

"Najua ulichotaka," alisema, wala hakuwa na hasira, na hilo likaniumiza zaidi. "Nikifika ziwani nitaona rangi. Nyinyi hata hiyo hamtaiona, mtakuwa mnanitazama mimi. Mtanisubiri nilie. Mimi naenda kuangalia ndege, siendi kuagwa. Msituni kila mtu atahangaika na majani yake, mtanisahau kidogo. Na masikio ninayo."

Nesi alijifuta uso kwa kiganja. "Tupige kura upya," akasema. "Wanaotaka msitu."

Aliinua mkono wake. Honi akainua. Shemeji akainua. Wangu ulibaki juu ya mfuniko wa friza. Nilimwelewa, Mungu anajua nilimwelewa, lakini moyo ulikataa. Niliwaza atakavyorudi kutoka huko na milio tu, kisha mwaka uishe, na mimi nibaki nikijua kwamba waridi ile ilikuwepo na hatukumpeleka.

Shemeji alinigeukia. Safari hii hakujifanya anajua nilipo. "Na wewe?" akauliza. "Mkono wako sijauona."

"Nimeinua," nikasema.

"Asante, shemeji."

Nesi aliutazama mkono wangu, uliokuwa bado pale juu ya friza. Akanitazama usoni. Kisha akachukua kalamu akaandika: msitu, wanne.