Sweta ya Kompyuta

Mwaka huo wa tisini na saba, mtu mwenye kompyuta nyumbani pale mji mdogo wa Salama alikuwa Thuo wa hardware peke yake, na heri asingekuwa nayo. Mashine yenyewe ilikuwa na ugonjwa wa kuzimia. Unaiwasha, inanguruma vizuri, unaandika mistari yako, unaanza kujisifu moyoni. Ghafla kioo kinakuwa cheusi tii, kisha inajiwasha upya kana kwamba haijakukosea chochote. Ulichoandika kimekwenda na maji.

Thuo alijaribu kila dawa. Alibadilisha soketi. Akazima friji, akidai inainyang'anya kompyuta stima. Akanunua stabilaiza. Mwishowe aliibeba hadi kwa fundi Machakos, na huko, ushenzi wa mashine, ikafanya kazi kutwa nzima bila hata kupiga chafya.

"Mzee, hii machine iko sawa kabisa," fundi alimwambia kwa huruma. "Labda ni wewe."

Siku nyingine angecheka. Lakini wiki hiyo mama mkwe wake, Kalondu, alikuwa ameshuka kutoka milima ya Nunguni na nyimbo kichwani. Alikuwa amezitunga mwenyewe kwa kwaya ya akina mama wa kanisa lake, nayo kwaya ingeziimba Jumapili kwenye tamasha kanisani. Macho yake hayakumruhusu kuandika tena. Alitaka zipigwe chapa, kila mwimbaji ashike karatasi yake, na Thuo alikuwa ameitikia kifua mbele: "Mama, hiyo ni kazi ndogo."

Mkwe ni mkwe. Thuo alikuwa Mkikuyu aliyekuja barabara ya Mombasa kuuza misumari, akaoa binti wa watu, Nthenya, wakapata mtoto, Wakiuru, na tangu harusi hakuwa amezungumza na mama huyu zaidi ya salamu na habari za mvua. Ukambani mtu na mama mkwe wake huheshimiana kwa mbali. Kalondu hakukubali hata kulala kwa binti yake. Alilala kwa binamu yake ng'ambo ya barabara, na mchana aliketi sebuleni kiti kimegeuzwa upande, akiuimbia ukuta ili mkwe aandike.

Ijumaa hiyo wimbo wa kwanza ulifika ubeti wa tatu, kioo kikazima.

"Imezima tena?"

"Imezima, Mama. Tafadhali rudia kidogo."

Akarudia, lakini safari hii Musa alivuka bahari kabla hajatoka Misri. Wakarekebisha, ikazima. Kalondu akaanza upya, sauti imemkauka, na mashine ikamkatiza tena.

"Labda ni Mungu hataki hizi nyimbo," alisema taratibu.

Maneno hayo yalimchoma Thuo. Aliweka mkono juu ya mashine kama mtu anayeibembeleza, akauondoa upesi. Ilikuwa moto kama sufuria ya muthokoi, mahindi yanayochemka kutwa.

Sweta! Krismasi iliyopita Kalondu alikuwa ameifumia kompyuta sweta, kama wanawake wanavyofunika redio na viti kwa vitambaa; ila yeye ni mtu wa Nunguni, anajua baridi, akatumia sufu nzito. Ndani aliweka nailoni kuzuia vumbi la malori, akabakisha tundu la kidole cha kuwashia. Kifuani iliandikwa MUNGU NI PENDO. Kwenda Machakos, Thuo aliivua, maana kitu kizuri hakipelekwi kwa fundi. Maskini kompyuta ilikuwa inakosa hewa.

Alielewa, akatamani asingeelewa. Utamwambiaje mama mkwe kwamba zawadi yake ndiyo ugonjwa?

"Mama, leo kuna joto, eh?"

"Fungua dirisha."

Akafungua. "Hata kompyuta inasikia joto."

"Si uipatie maji?"

Jikoni Nthenya alikohoa kwa namna ya mtu anayemeza kicheko. Thuo akajaribu mlango mwingine. "Hii sweta imechafuka kidogo. Wacha nitoe ifuliwe."

"Nilifua jana."

Akashindwa. Wakaendelea, na kwenye ubeti wa mwisho kabisa mashine ikazimia. Kalondu akageuka, akamtazama mkwe wake usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Baba Wakiuru, ni sweta?"

"Ni sweta, Mama."

"Umejua saa ngapi?"

"Kitambo kidogo."

"Na ukaniacha niimbe mpaka sauti iishe!"

"Niliogopa kukuvunjia heshima."

Kalondu alikasirika, na hakuficha. "Mama yako mwenye alikuzaa, angekuwa ndiye ameshona hii kitu, ungemwambia?"

Thuo aliinamisha kichwa. "Ningemwambia."

"Basi na mimi niambie."

Akainuka, akaivua mashine ile sweta kwa kuivuta juu, kama mama anayemvua mtoto kabla ya kumwogesha. Thuo aliipokea kwa mikono miwili. Alikuwa na furaha, na furaha ikampa ujinga wa ushujaa.

"Sawa, Mama. Basi wacha nikuambie ingine. Ule wimbo wa pili ni mrefu sana. Watu watalala kanisani."

Jikoni kifuniko kilianguka. Kalondu alimkodolea macho, midomo ikamcheza, kisha akacheka hadi akajipangusa machozi kwa leso.

"Nthenya!" aliita. "Kuja usikie. Huyu sasa ni mtoto wangu, ameanza kunitusi!"

Wakaukata ule wimbo nusu nzima, na mashine ikanguruma bila kuzimia mpaka jioni.