Chupa ya Kulalia

Binti yake alipokwenda kutafuta maisha ng'ambo, Fundi alibaki na cherehani, vyumba viwili na mjukuu wa miaka miwili. Mkewe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Jioni ya kwanza mtoto alilia, na iliyofuata akalia tena, akimwita mama mpaka sauti ikamkauka. Fundi alijua kukata suti ikamkaa mtu kama ngozi, lakini kubembeleza mtoto hakujua. Akatia maziwa kwenye chupa, akakoroga sukari, akampa. Mtoto akanyonya mpaka akalala, chupa ingali mdomoni. Fundi akaona amepata dawa, na tangu hapo hakuibadilisha.

Mjukuu alipoanza kusema sawasawa, maneno yalimtoka tangu anapofumbua macho, Fundi akambandika jina la Kasuku. Hapakuwa na mwingine wa kuzungumza naye humo ndani. Wateja walipimwa, wakaaga, wakaenda zao.

Baadaye Kasuku alianza chekechea. Kila asubuhi, baada ya kula, mwalimu aliwapanga watoto kwenye mabomba, kila mmoja na mswaki wake, akawawekea dawa kiasi cha punje ya njegere. Walisugua huku mwalimu akiwaimbia, kisha wakatema bila kusukutua, ili dawa ibaki kwenye meno. Wenzake walichekana kwa ndevu za povu. Kasuku alifumba mdomo. Mwalimu alidhani ni ugeni tu, mpaka tabibu wa meno alipokuja kukagua watoto, akamshika kidevu taratibu na kummulika. Meno manne ya mbele, ya juu, yalikuwa ya kahawia, yameliwa yakabaki visiki.

Fundi aliitwa. Alikalishwa kwenye kiti cha watoto, magoti yakimfika kifuani. Mwalimu alimwuliza mtoto hulalaje, naye akaeleza habari ya chupa, tena kwa fahari kidogo. Mwalimu hakumkemea. Alimfahamisha kwamba mtoto akisinzia mate hupungua, na ile sukari hubaki imeyaganda meno, ikiyala polepole.

"Si meno ya utoto haya, Mwalimu? Yatang'oka tu."

"Yatang'oka, Babu, lakini wakati wake bado. Na sasa hivi yanamuuma."

"Hajaniambia hata siku moja."

"Amezoea. Anadhani ndivyo meno yalivyo."

Fundi akauliza afanye nini; akaambiwa meno hayo yang'olewe, na usiku mtoto apewe maji tu.

Meno yaling'olewa zahanati, Kasuku amepakatwa na babu yake. Kazi ilikuwa jioni. Mtoto alipewa maji badala ya maziwa, akayasukuma, akalia. Fundi alikaa kitandani mikono mitupu. Alipomsikiliza vizuri, akasikia kwamba hakuwa akililia maziwa. Alikuwa akimlilia mama yake, kama zile jioni za mwanzo. Muda wote huo Fundi alikuwa hamtaji binti yake ndani ya nyumba, maana kumtaja kulimuuma yeye mwenyewe.

"Mama yako naye alikuwa mwepesi wa kulia," akasema mwishowe. "Alilia hata kuku alipomkatalia kushikwa."

Kasuku akanyamaza ili asikie zaidi. Fundi akasimulia mpaka mtoto akasinzia, kisha akabaki pale peke yake, maneno yakiwa hayajamwisha.

Binti alipopiga simu, aliliona lile pengo kwenye kioo cha simu, akauliza kulikoni. Kabla Fundi hajapata pa kuanzia, Kasuku alidakia.

"Meno yameondoka. Babu kasema yatarudi." Akaisogelea simu. "Na wewe?"

Binti aligeuza uso. Aliporudi kwenye kioo alisema mkataba haujaisha, akamwomba baba yake amtunze, kisha simu ikakatika. Fundi aliiweka mezani, asijue amfariji nani.

Siku hizi humpeleka Kasuku chekechea na kubaki kidogo, kwa kuwa mwalimu mikono haimtoshi. Huwashikia wadogo miswaki, huwafuta mapovu, nao humwita Babu wote. Wanapoingia darasani, mlango hufungwa. Yeye huanika vitaulo kwenye kamba, kimoja kimoja, akivinyoosha pembe kwa uangalifu wa fundi. Hana haraka. Mpaka Kasuku atoke mchana, nyumbani hakuna anayemngoja.