Kibanda Chekundu cha Shomoro

Seremala mstaafu alitumia siku tatu kuwatengenezea shomoro kibanda cha kulia. Akakipiga msasa, akakipaka rangi nyekundu, akakijaza mtama. Hawakukigusa. Walishinda mlangoni pa jikoni wakigombania chenga alizozitupa mkewe akipepeta mchele.

"Ndege hawali rangi, mzee wangu," mkewe alimwambia.

Mzee akanuna, akasusa hata chai.

Kesho yake kibanda kilijaa shomoro hadi kikayumba. "Umeona?" akatamba. "Kizuri chajiuza."

"Nimeona," mkewe akajibu, macho kwenye ungo.

Mzee alipokwenda kuongeza mtama, akakuta kibandani chenga za mchele. Akarudi jikoni, akampokea mkewe ungo, akapepeta mwenyewe, akamwaga nusu ya mchele. Siku hiyo shomoro walikula kote kuwili.