Mshonaji Aliyesimama Dirisha la Pili

Jumanne saa nne asubuhi, mshonaji wa nyumba namba 114 alifika dirisha la pili la ofisi ya nyumba za kupangisha, kitambulisho mkononi na sindano tatu zimechomekwa kwenye kola. Alikuwa amesafiri wiki nne kumuuguza mama yake, na aliporudi akaambiwa kompyuta inasema nyumba yake iko wazi. Alitaka neno hilo lifutwe kabla ya mwisho wa mwezi, maana siku hiyo nyumba zilizo wazi hugawiwa watu wapya.

Ofisi ilikuwa na kompyuta nne na jedwali moja tu la wapangaji, lililowekwa kwenye kompyuta ya bosi na kutumiwa na wote. Karani akifungua mstari wa mpangaji ili aurekebishe, kompyuta nyingine huonyesha kikufuli kidogo, na hakuna mwingine anayeweza kuugusa. Mpangaji naye, popote alipo, husimama tuli mpaka mstari ufungwe. Kwa kawaida ni dakika mbili. Watu walishazoea: kinyozi akiganda na mkasi hewani, mteja husoma gazeti akasubiri.

Dirisha la pili alikaa karani waliyemwita Msumari. La tatu alikaa Bi Utaratibu, ambaye ndiye aliyeandika 114 iko wazi, baada ya kugonga mlango mara moja. Wawili hao walikuwa hawaivi tangu ugomvi wa feni, mwaka wa tatu sasa, na hata salamu walipitishia kwa mfagizi. Bi Utaratibu alipoona mshonaji anakwenda kwa Msumari ili kazi yake isahihishwe, aliufungua mstari wa 114, akachukua pochi, akaenda kula.

Mshonaji akaganda, mkono umenyooka kuelekea dirishani.

Msumari alikiona kikufuli. Alichotakiwa kufanya ni kumwomba mwenzake aufunge mstari, basi.

"Nimwombe yule?" alimwambia mfagizi. "Bora nile karatasi."

Akaiambia foleni impite mshonaji kwa kushoto. Bi Utaratibu alirudi, akaona mambo yako vile vile, roho yake ikatulia. Alibandika karatasi kwenye kompyuta yake: USIZIME. Jioni walifunga ofisi, mshonaji akabaki humo ndani.

Kesho yake alikuja mdogo wake, mwoka mikate, ambaye aliishi naye hapo 114. Alimfuta dada yake vumbi usoni, kisha akaenda dirisha la tatu.

"Dada, naomba umwachie dada yangu."

"Mimi sina neno, mdogo wangu. Huyo hapo aseme tu tafadhali."

Akahamia dirisha la pili. "Kaka, nakuomba. Ni neno moja tu."

"Siku nikimwambia yule tafadhali, mje mnizike."

Bosi angeweza kuwatoa wote kwenye jedwali kwa kubonyeza mara moja, lakini hakupenda kelele. "Hao ni watu wazima, watakubaliana," alisema, akakoroga chai yake. Alikuwa mwoga, na ofisi nzima ilijua.

Wiki mbili zikapita. Mfagizi alimpangusa mshonaji kwa kitambaa kile kile cha kaunta. Siku ya mvua mtu alimtundikia mwavuli mkononi, na wengine wakafuata. Mdogo wake alikuja kila mchana, akaomba madirisha yote mawili, akajibiwa yale yale. Mwingine angevunja vioo. Yeye alijikaza tu, akarudi kuoka mikate huku moyo unamchoma.

Mwisho wa mwezi bosi alichapisha orodha ya nyumba zilizo wazi. Kusoma jedwali hakuhitaji kufungua mstari wa mtu, kwa hiyo 114 ilitoka bila tabu. Wagawaji walimkuta mdogo mtu jikoni. Walimsalimia vizuri, wakamweleza kuwa nyumba haina mtu, wakatoa nje kitanda, cherehani na sufuria ikiwa bado ya moto. Kwa kuwa mstari ulikuwa mikononi mwa Bi Utaratibu, yeye ndiye aliyefuta jina la mshonaji, akaandika la mpangaji mpya, akahifadhi, akafunga.

Mshonaji aliushusha mkono, miavuli ikaanguka.

"Nimekuja kurekebisha," alisema.

Msumari akatafuta. "Mama, wewe huna mstari. Andika barua ya maombi, uje uisaini hapa mbele yangu."

Mshonaji hakumaliza kusikiliza. Mpangaji aliyefutiwa mstari hawezi kusimama, na miguu yake ilikuwa imeshaanza kumpeleka mlangoni.

Tangu hapo alizunguka mtaa mzima mchana na usiku, mdogo wake pembeni, amejitwika cherehani, akimlisha mkate huku wanatembea. Barua aliiandika mdogo mtu, akaiacha kwa Msumari. Kila asubuhi mshonaji alikatiza ofisini bila kupunguza mwendo, na alipopita dirisha la pili alipata nafasi ya kuandika herufi moja ya jina lake. Majina yake matatu yalichukua siku kumi na tisa. Msumari alimsogezea kalamu kila siku, bila kumtazama.

Siku ya ishirini Msumari aliisoma barua yote. Ilikuwa sawa. Ilibaki muhuri, na muhuri ulikaa dirisha la tatu. Aliitazama meza ya Bi Utaratibu, hatua tatu kutoka hapo, kisha akaiweka barua kwenye droo na kuifunga. Nje, mshonaji alikuwa ameshafika kona, na mdogo wake anamkimbilia na kikombe cha maji.