Neno Lililokatikia Mtoni

Mtungi wa manjano wa Mutanu ulifika nyumbani kabla ya Mutanu mwenyewe. Ulibebwa mgongoni na rafiki yake Katunge, umejaa maji hadi shingoni, umezibwa kwa gunzi la mahindi. Katunge aliutua karibu na mlango wa jiko, akaivua kamba kipajini, akasimama hapo. Muthoki, mamake Mutanu, aliyekuwa akipepeta kunde, alimuuliza mwenzake yuko wapi.  Mtoto alivuta mikono ya sweta yake ya shule hadi ikafunika vidole. Ndipo sauti za wanaume zilipoanza kusikika zikipanda kutoka mtoni, za chini, za pole, kama za watu waliobeba kitu wanachoogopa kukiangusha.

Tangu siku hiyo mtungi ulibaki palepale. Hakuna aliyethubutu kuyatumia yale maji, wala aliyethubutu kuyamwaga. Wanawake waliokuja kukaa matanga waliuzunguka walipoingia na kutoka jikoni, wakikusanya kanga zao zisiuguse.

Maji yaliyomuua Mutanu hayakufika gotini. Malori ya mchanga yalikuwa yameacha mashimo mtoni wakati wa kiangazi, na mvua za kwanza zikayajaza. Mtoto alianguka kifudifudi katika mojawapo, na watu wazima walipofika alikuwa ameshakata roho. Hayo kila mtu wa kijiji cha Kanyangi aliyajua. Asilolijua mtu ni kwa nini aangukie hapo, mtoto wa miaka kumi na miwili aliyeuzoea mto ule kama uwanja wa nyumbani kwao.

Mama mkwe wake Muthoki, bibi Kasyoki, alilijibu swali hilo mapema, kabla halijaulizwa. Aliketi kwenye kigoda chake mbele ya waombolezaji, akasema kwa sauti iliyonyooka, "Mtoto mzima haanguki hivi hivi. Amesukumwa."

Hakutaja jina. Haikumbidi. Wote walijua ni nani aliyerudi na mtungi. Siku ya pili, mamake Katunge, Wavinya, alisalimia watu sokoni na salamu ikaanguka chini bila mwenyewe. Siku ya tatu, vijana wa ukoo walikaa nyuma ya ghala wakiulizana kwa sauti ya chini kama nyumba ya Wavinya imeezekwa kwa bati au kwa nyasi.

Muthoki alisikia, akanyamaza. Alikuwa amezoea kunyamaza. Katika nyumba ile ilikuwa kazi kama kuteka maji.

Mutanu alikuwa na kifafa. Kilimjia akiwa darasa la tatu, na Muthoki, aliyekuwa na elimu ya kidato cha nne na hakutishika na maneno ya watu, alimpeleka kwa daktari mjini Kitui. Walirudi na dawa na neno la Kiingereza: epilepsy. Dawa zilipunguza, hazikumaliza. Neno, Kasyoki aliamuru lisivuke kizingiti.

"Ugonjwa huo ukiujulisha watu," alisema, "hakuna msichana wa nyumba hii atakayeposwa. Watahesabu damu yetu yote."

Lakini mtoto alilipenda neno lake. Shuleni, Mwalimu Kitonga alikuwa na desturi ya kukata maneno marefu ya Kiingereza vipande vipande, darasa zima likipiga kofi kwa kila kipande. Te-le-phone. Pho-to-graph. Aliwaambia kwamba maneno hayo yalitoka kwa Wagiriki wa kale, na kwamba mtu akijua mzizi mmoja amepata ufunguo wa nyumba nyingi. Epi, kwa mfano, ni juu ya kitu, ndiyo maana iko katika epidemic, maradhi yanayowashukia watu wote. Mutanu akanyoosha mkono na kuomba lake likatwe. Mwalimu alishtuka kidogo, kwa maana Muthoki alikuwa amemweleza siri na kumwomba aitunze. Akalikata hata hivyo, bila kueleza maana. Kamusi, alisema, hulikata baada ya p, lakini kinywa cha Mkamba hakipendi kufunga mlango mapema, basi wao wangelikata kinavyotaka kinywa. E-pi-lep-sy. Makofi manne. Likawa neno lake Mutanu. Alipopita uwanjani wenzake walimpigia makofi manne kwa utani, naye akacheka.

Nyumbani neno hilo lilipata kazi nyingine. Kabla kifafa hakijamkamata, Mutanu alikuwa akisikia harufu ya kiberiti kilichozimwa. Wakati mwingine ilikuwa harufu tu, ikapita. Wakati mwingine kilifuata kifafa chenyewe. Ili ajue, alilisema neno polepole, akipiga paja kwa kiganja. Likifika mwisho, aliendelea na shughuli zake. Lilipokwama katikati, ulimi ulikuwa umeshashikwa, na muda uliobaki ulitosha jambo moja tu.

"Likikwama, kaa chini," Muthoki alimfundisha. "Popote ulipo. Hata kama ni kwenye matope."

Mara nyingi jikoni Muthoki alisikia e, akasikia pi, kisha kimya, akautupa mwiko na kumvuta mtoto mbali na moto. Walikuwa wamefanya hivyo miaka yote hiyo, wao wawili, kama watu wenye lugha yao.

Jioni ya kuamkia mazishi, jua likiwa bado juu ya vilima, Muthoki alivuka bonde kwenda kwa Wavinya. Alimkuta mlangoni, amekaa juu ya jiwe kama mlinzi.

"Mama Mutanu," Wavinya alisema bila kuinuka, "kama umekuja kutulaani, fanya haraka. Jua linazama, na usiku siku hizi sina wa kunisindikizia mgeni."

"Nimekuja kumwona mtoto."

"Huyo hana mikono. Ingia umwone. Namlisha kama kifaranga."

Katunge alikuwa ameketi kwenye mkeka, mikono imezama ndani ya sweta. Mdomoni kulikuwa na uji uliokauka. Muthoki aliketi mbele yake sakafuni.

"Sikumsukuma," mtoto alisema.

"Najua."

"Nilimpigia makofi."

Muthoki alimsogelea zaidi.

"Alianza lile neno lake la Mwalimu Kitonga. Akasema e, mimi na wenzetu tukapiga. Akasema pi, tukapiga. Kisha akanyamaza. Tukafikiri amesahau. Tukamcheka, tukamwambia malizia, malizia, tukaendelea kumpigia ili akumbuke." Sauti ya Katunge ilikuwa tambarare, kama ya mtu anayesoma ubaoni. "Alikuwa ananiangalia mimi. Halafu akaanguka na miguu ikaanza kupigapiga maji. Mmoja akasema ni mapepo, tukakimbia. Mimi nilirudi. Alikuwa ametulia. Sikuweza kumgeuza, alikuwa mzito. Nikajaza mtungi wake."

"Kwa nini ukaujaza, mwanangu?"

"Ungemgombeza akirudi bila maji."

Wavinya, pale mlangoni, alijifunika uso kwa leso. Muthoki hakulia. Aliona mto kama aliyekuwapo: mtoto wake amesimama ukingoni, ulimi umeshashikwa, anawatazama wenzake, na wenzake wanashangilia. Mkono mmoja begani ungetosha. Hata wa mtoto. Lakini mkono huo ungepaswa kujua, na kujua ndiko walikokufungia ndani ya nyumba miaka yote ile, wakakaa juu ya kifuniko.

Aliporudi, alimkuta mumewe Mulei na mama yake wameketi nyuma ya nyumba wakipanga maneno ya kesho. Mulei ndiye angesema kwa niaba ya familia. Wageni wa Matinyani wangekuwapo, wale waliokuwa wakileta mbuzi wa mahari kwa ajili ya dada mdogo wa Mulei.

"Nitasema mimi," Muthoki aliwaambia. "Nitasema alikuwa na kifafa."

Mulei alimtazama kwa macho mekundu. "Useme ili iweje? Ukisema atafufuka?"

"Katunge ataishi."

"Na dada yangu je? Yeye hana maisha? Watu wa Matinyani wataondoka kabla ya chakula kuiva."

"Waondoke."

"Unasema kwa urahisi kwa sababu si damu yako."

"Aliye ndani ya lile sanduku ni damu yangu, baba Mutanu."

Kasyoki aliinua mkono, nao wakanyamaza. Kwa kitambo alichora mchangani kwa ncha ya fimbo. Alipozungumza, ukali wa kila siku haukuwapo.

"Nilikuwa na dada," alisema. "Hamkuambiwa. Alianguka motoni, mikono na uso. Baba akasema alilewa moshi. Sisi wote tukasema moshi. Mimi nikaolewa, na wadogo zangu wakaolewa." Alifuta alichochora. "Nyumba hii yote imejengwa juu ya moshi huo, Muthoki. Wewe unataka kuleta upepo."

"Aliitwa nani, mwaitu, mama?" Muthoki aliuliza.

 Bibi aliinuka kwa kujizoazoa, akaenda zake ndani.

Siku ya mazishi ilipambazuka na mawingu yasiyo na mvua. Mwalimu Kitonga alikuja na darasa lake, wamepangwa kwa kimo, sare zimefuliwa. Wavinya alikuja pia, kwa sababu kutokuja kungekuwa kukiri. Alisimama na mwanawe pembeni, na pengo likabaki kati yao na watu, pana kama barabara. Vijana wa ukoo walisimama upande wa pili, hawakulitoa jicho lao hapo.

Mchungaji aliomba. Wimbo ukaimbwa. Mulei alipoitwa, alisogea hatua moja kuelekea kaburini, akasimama, akatazama udongo mwekundu.  Muthoki hakungoja. Alipita mbele yake.

"Mtoto wangu hakusukumwa," alisema.

Minong'ono ilikatika.

"Mutanu alikuwa na kifafa. Alikuwa nacho tangu darasa la tatu. Hakurogwa, hakuwa na mapepo. Ni maradhi ya ubongo, na alikuwa akinywa dawa. Sisi ndio tulioficha. Mimi ndiye niliyeficha." Aliwageukia watoto wa shule. "Daktari alituambia jina lake kwa Kiingereza. Nanyi watoto wa Mwalimu Kitonga mnalijua. Mnajua neno la Mutanu?"

"Ndiyo," watoto walijibu kwa pamoja, na kwa mazoea viganja vyao vikainuka kifuani.

"Msipige makofi."

Viganja vilibaki hewani. Muthoki alilisema neno mwenyewe, polepole, kwa sauti ambayo hadi wakati huo ilikuwa ya jikoni tu. E. Pi. Hapo alisita, si kwa kusahau. Na katika kusita kule watoto wawili watatu walikisoma kitu usoni mwake wakaanza kulia.

"Alifika hapa," alisema. "Akakwama. Neno hilo halikuwa mchezo, lilikuwa linaomba msaada, na hakuna aliyewaambia. Mtu mzima hakuwaambia. Mkimwona mwenzenu amekwama hivyo, mshikeni. Mkalisheni chini. Akianguka, mlazeni kwa ubavu, mwondoeni majini, mwondoeni motoni, mkae naye mpaka arudi. Msikimbie."

Kisha akalimalizia. Lep. Sy.

Mwalimu Kitonga alikuwa amevua kofia yake na kuikunja mikononi mpaka ikapoteza umbo. Mtu mmoja nyuma alisonya. Kwenye safu ya wageni, mzee wa Matinyani alimnong'oneza mwenzake, wakachukua fimbo zao, nao wakaondoka kwa adabu, wakipita pembeni ili wasikatize mbele ya kaburi. Yule dada mdogo wa Mulei aliwatazama hadi wakapotea nyuma ya michongoma, akaupeleka mkono kinywani. Mulei hakumtazama mkewe. Alichukua koleo kutoka kwa kijana aliyekuwa karibu, akaanza kufukia mwenyewe, haraka, kama mtu anayekimbizana na kitu.

Vijana wa ukoo walibaki wamesimama. Hasira waliyokuja nayo ilikuwa imekosa pa kukaa. Mmoja baada ya mwingine walichukua majembe.

Watu waliobaki walielekea kwenye chakula. Isyo ilikuwa imechemka tangu alfajiri, mahindi na kunde katika sufuria kubwa, na waombolezaji walipanga foleni ya kunawa. Watu walikuwa wachache kuliko chakula. Hata hivyo maji ya kunawa yaliisha kabla ya foleni kuisha, na aliyeshika jagi aliangaza huku na huku.

Muthoki alikwenda kwenye mlango wa jiko. Aliinama, akalichomoa gunzi la mahindi, akauinua mtungi wa manjano. Wanawake walimpisha. Alitembea nao hadi mwisho wa foleni, pale Wavinya aliposimama na mwanawe, na hapakuwa na mtu mbele yao wala nyuma yao.

"Lete mikono," alimwambia Katunge.

Mtoto alitikisa kichwa.

"Lete, mwanangu. Maji haya uliyabeba wewe."

Ilichukua muda. Ncha za vidole zilitokeza kwanza, kisha viganja, vimekunjamana na kupauka kwa kukaa gizani. Muthoki aliuinamisha mtungi. Maji yalitoka yakiwa na chembe za mchanga wa mto, yakapita juu ya mikono ile midogo na kuangukia vumbini. Katunge alivisugua viganja vyake polepole, kimoja juu ya kingine, akijihadhari visitoe sauti.

Kutoka kwenye kigoda chake, bibi Kasyoki alikuwa akiwatazama. Midomo yake ilikuwa ikicheza, kama ya mtu anayejaribu jina alilolisema mara ya mwisho akiwa msichana. Mikono yake ilikuwa mapajani, haijanawa.

Muthoki alimgeukia, akasubiri. Mtungi ulikuwa bado na maji.